TWAIAMBIA NINI NAFSI YETU KILA ASUBUHI?

Limetufikia darasani swali kutoka kwa kijana wetu mmoja wa pwani, akaaye Ruiru na afanyaye kazi ya zamu katika kiwanda kimoja huko Thika. Tumelizungumza vikao vitatu, wala hatukuafikiana upesi. Tumeona yafaa tuliandike hapa, kwani aliloliuliza yeye kwa ulimi, wengi waliuliza kwa moyo.

Khabari yake ni hii. Mamake aliugua huku pwani. Alipopelekewa khabari, aliona angoje zamu zake ziishe na mshahara utoke, ili apate cha kuja nacho. Mauti hayakungoja. Alipanda basi la usiku, na alipofika alikuta mama amekwisha kuzikwa tangu jana yake. Matangani, mtu mzima mmoja wa jamaa alimwambia mbele za watu kuwa fedha za bara zimemshinda mama. Tangu siku hiyo, asema, kila aamkapo gizani, kabla hajatia mguu chini, neno la kwanza ajiambialo ni hili: "Wewe ndiwe uliyemtupa mama yako. Wewe si mtu." Hata akaacha kuingia msikitini, kwa kujiona mchafu mno kusimama safuni na wenziwe.

Jirani yake, mtu mwenye nia njema, akampa dawa ambayo siku hizi imeenea sana vitabuni na katika simu: asimame mbele ya kioo kila asubuhi ajisomee maneno ya kujisifu, kuwa yeye ni mwana mwema, ni mshindi, wala hana upungufu. Aliyasoma mwezi mzima. Atuambia kuwa kila alipojiita mwana mwema alisikia sauti ndani yake ikimjibu, "Mwongo wee!" na maumivu yakazidi. Sasa atuuliza: Je, desturi hii yafaa? Na mtu aliyekosa ana haki ya kuihurumia nafsi yake?

Twataka kwanza msomaji aifahamu asubuhi ya kijana huyu. Sisi huku mijini mwetu, mtu akitoka nyumbani alfajiri hafiki msikitini ila amekwisha kuamkiana na watu kumi. Huyu amuuliza umeamkaje, yule amwombea kheri, mzee amtania. Yeye yuko Ruiru, mji ambao katika sensa ya mwaka 2019 ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya laki nne, na wengi wao ni wapangaji waliotoka kwengine. Atoka chumbani kungali kiza, aifuata ile barabara kuu ya Thika iliyopanuliwa na kumalizika mwaka 2012, akae garini bega kwa bega na watu asiowajua, wote wamenyamaza. Basi mtu wa kwanza kusema naye kila siku ni nafsi yake mwenyewe. Neno atakaloambiwa na nafsi hiyo si jambo dogo, kwani huenda lisiwepo jingine la kulijibu mpaka jioni.

Ama desturi yenyewe, si ngeni. Mfamasia mmoja wa Ufaransa, Émile Coué, aliyefariki mwaka 1926, aliwafundisha wagonjwa kukariri mara ishirini, asubuhi na jioni, kuwa kila siku wanazidi kuwa wazima. Wako waliofarijika. Lakini mwaka 2009 wataalamu wa Canada, akiwamo Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, walichapisha utafiti wao juu ya watu waliokariri kuwa wao ni watu wa kupendwa. Wale waliokuwa wakijiona bora tangu mwanzo walipata nafuu kidogo. Wale waliokuwa wakijidharau, ambao ndio wenye haja ya dawa, walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao wasiokariri. Kijana wetu, basi, hakuwa peke yake. Moyo haukubali kuambiwa usiyoyaamini, na ukilazimishwa hutoa ushahidi wa kuyapinga.

Sisi hatusemi kuwa kusema na nafsi ni haramu. Twasema kuwa neno si hirizi. Tumepiga kelele miaka mingi dhidi ya wale wavaao karatasi shingoni wakidhani karatasi itawafanyia kazi. Mtu akiyafanya maneno ya kioo kuwa azima, kwamba akisema "mimi ni tajiri" utajiri utamjia bila ya kazi wala kuomba, basi amevua hirizi moja akavaa nyingine.

Lakini je, kinyume chake ndicho sawa, kujilaani kila alfajiri? Hapa ndipo tulipokhitilafiana. Wako kati yetu wazee waliosema kuwa mwenye kosa na aachwe alie. Wakaikumbusha nafsi lawwama, nafsi yenye kujilaumu, ambayo Mwenyezi Mungu ameiapia katika Suratul Qiyama. Walikhofu kuwa mtu akiihurumia nafsi yake ataidekeza, na khatima yake hatajuta kwa lolote. Khofu hii haipasi kudharauliwa. Twawajua watu waliojisamehe madeni ya wengine.

Tulijibu kwa hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha, ambayo ndani yake Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza mtu asiseme kuwa nafsi yake imekuwa khabithi, akaelekeza lichaguliwe neno lenye maana ya kuwa imechafukwa na kuona uzito. Na tuizingatie. Hakuambiwa ajisifu, wala hakuambiwa akanushe kuwa nafsi ina uzito. Aliambiwa achague neno ambalo ni kweli na halimhukumu. Kuna mbali baina ya "nimefanya ovu" na "mimi ni muovu". Aliyefanya ovu ana kazi ya kulitengeneza. Aliyejihukumu kuwa ni muovu kwa asili hana kazi tena, kwani muovu afanye nini ila uovu? Kumbe yule ajilaaniye ndiye aliyejisamehe wajibu wake! Kijana wetu alijilaumu mpaka akaacha sala. Je, lawama hiyo imemrudisha kwa Mola wake au imemfukuza? Nafsi lawwama hulaumu ili mtu arejee. Lawama isiyorejesha ni kukata tamaa, na Suratuz Zumar imewakataza hilo hata wale waliopita mipaka juu ya nafsi zao.

Kuihurumia nafsi, basi, si kuisifu. Kristin Neff, mtaalamu wa Marekani aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 2003, ametaja nguzo zake tatu: mtu kujifanyia upole, kujua kuwa kukosa ni jambo la wanadamu wote, na kuyatazama maumivu yake bila ya kuyaficha wala kuyakuza. Hamna sifa hata moja humo. Na hapo Ruiru mfano haupo mbali. Mwaka 1968 maradhi ya kuozesha buni changa mtini yaliishambulia vibaya mikahawa ya Kenya. Watafiti wa kahawa wa Ruiru hawakuiambia mikahawa kuwa ni mizima, wala hawakuilaani. Waliyataja maradhi kwa jina lake, wakalea na kuchanganya mbegu kwa subira, hata mwaka 1985 wakatoa mkahawa uyastahamiliao, uitwao Ruiru 11. Huruma ni kazi ya namna hiyo.

Je, asubuhi mtu aseme nini? Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihyaa kuwa mtu baada ya sala ya alfajiri atenge saa kidogo akae na nafsi yake, kama mfanyabiashara akaavyo na mshirika wake kabla ya kumkabidhi mali. Ampe masharti ya siku, amkumbushe kuwa rasilmali ni umri, kisha jioni wahesabiane. Nyinyi ni watu wa biashara, mwajua. Hakuna tajiri amsifuye mshirika wake kwa faida ambayo hakuileta, wala amtukanaye asubuhi kisha akatarajia arudi na faida jioni.

Kwa hiyo twamwambia mwanetu hivi. Akiamka, kwanza aseme lililo kweli, lote: "Nilichelewa, na najuta. Wala sikumtupa mama. Nilingoja ili nisije mikono mitupu, nikakosea." Pili, arudi kwenye sala na katika ile istighfari kuu, ambayo ndani yake mja akiri neema na dhambi kwa pumzi moja. Tatu, atie nia ya jambo moja la siku hiyo, dogo, liwezekanalo. Tirmidhi amepokea khabari ya mtu aliyemjia Mtume na dhambi kubwa, akaulizwa kama ana mama. Hakuwa naye. Akaulizwa kama ana ndugu wa kike wa mamake, naye alikuwa naye. Akaambiwa amtendee wema. Kijana wetu anaye mama mdogo, yuko hai. Ampigie simu leo, amuulize ameamkaje.

Limebaki neno moja, na hili ni letu sisi tuliobaki pwani. Ile sauti imwambiayo kijana "wewe si mtu" hakuizaa yeye. Aliisikia matangani kutoka kinywani mwa mmoja wetu, akaichukua mpaka Ruiru. Wangapi kati yetu huwapigia simu vijana walio bara asubuhi kwa kudai tu, au kwa kulaumu? Twawalaumu kuwa wamepotea, na sisi ndio tuliowapa maneno ya kupotelea nayo. Kabla ya kuwafundisha waseme nini na nafsi zao, na tuangalie twasema nini nao.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yule, na atujaalie asubuhi zetu ziwe za kheri. Wabillahi tawfiq.