Je, Mashine Yaweza Kuwa Shahidi? Mtoto Mdogo na Elimu ya Kompyuta

Watu wengi siku hizi huuliza: Je, yafaa mtoto wa miaka mitano au sita afundishwe kompyuta? Wako wasemao kwamba yafaa, kwa sababu asiyeijua hatapata kazi. Na wako wasemao haifai, maana mtoto huyo ajifunze kwanza kusoma, kuandika na kuwaheshimu wakubwa. Kwa maoni yetu pande zote mbili zimeliacha swali lililo zito zaidi, nalo ni hili: kati ya mtoto na mashine, nani atakuwa bwana na nani mtumishi? Wala mtu asidhani kwamba hili ni swali la kupitishia wakati, kwani wako watu waliokwenda gerezani kwa sababu waliowahukumu hawakujiuliza.

Natuitazame Uingereza, ambako mambo yote mawili yametokea, la kufundisha na la kuhukumu.

Zamani watoto wa huko walifundishwa kuzitumia programu zilizokwisha tengenezwa na wengine: kupiga chapa barua, kupanga picha, na mambo kama hayo. Mnamo Januari 1912 ingekuwa ni ajabu. Lakini Januari 2012 ilikuwa ni aibu, na ndivyo walivyoona wataalamu wa Royal Society walipotoa taarifa yao mwezi huo, na waziri wa elimu naye akatangaza kuiondoa mitaala hiyo. Tangu Septemba 2014 mtoto wa miaka mitano hufundishwa maana ya maagizo yanayofuatana, jinsi ya kutunga programu ndogo, jinsi ya kutafuta kosa ndani yake na kulisahihisha, na pia kutunza siri za nafsi yake.

Liko somo moja ambalo walimu wa huko wamelipenda sana, nalo halihitaji kompyuta. Mwalimu huja darasani na mkate, kisu na chupa ya jemu, akawaambia watoto: Niandikieni namna ya kutengeneza mkate wa jemu, nami nitafuata mlivyoandika. Mtoto huandika, "Weka jemu juu ya mkate." Mwalimu huichukua chupa, na kifuniko chake, akaisimamisha juu ya mkate mzima. Watoto hucheka, na mwenye kuandika hulalamika kwamba sivyo alivyokusudia. Lakini ndivyo alivyosema! Basi hurudi kwenye karatasi yake: fungua chupa, shika kisu, kata kipande. Baadaye hupewa nyuki wa plastiki mwenye vitufe mgongoni, ambaye kila hatua yake ni sentimita 15. Nyuki akiingia chini ya kabati, mtoto hawezi kumgombeza. Atapaswa kuyapitia maagizo yake mwenyewe moja baada ya jingine, mpaka aone ni wapi alipokosea.

Mtu aweza kusema kwamba huo ni mchezo tu. Ni mchezo, hapana shaka, lakini ndani yake mtoto amejua kwamba mashine haina akili wala nia, na kwamba kila kosa lake lina mwenyewe, naye ni binadamu. Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria, Afrika ya Kusini, mwaka 1928, alikuwa miongoni mwa waliotunga lugha ya kompyuta ya watoto iitwayo LOGO mwaka 1967. Katika kitabu chake cha mwaka 1980 alisikitika kwamba shuleni mara nyingi kompyuta ndiyo humwendesha mtoto, ilhali ilipasa mtoto ndiye aiendeshe.

Sasa na tutazame yaliyowapata watu wazima. Kuanzia mwaka 1999 Shirika la Posta la Uingereza lilitia katika matawi yake programu ya hesabu iitwayo Horizon, iliyotoka kampuni ya Fujitsu. Matawi mengi yalikuwa mikononi mwa watu wenye maduka madogo, ambao walitakiwa kulipa upungufu wowote wa fedha. Programu ikaonyesha upungufu ambao haukuwako. Wengine walilipa kwa akiba yao. Walipopiga simu kuomba msaada, wengi waliambiwa kwamba hakuna mwingine mwenye shida hiyo. Kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na hesabu za uongo. Mwanamke mmoja alihukumiwa kifungo cha miezi 15 mnamo Novemba 2010, naye ni mja mzito, na siku hiyo mwanawe alikuwa akitimiza miaka 10.

Desemba 2019 Mahakama Kuu ilikata hukumu kwamba programu ile ilikuwa na makosa yaliyoweza kuleta upungufu huo. Hatia ya mama yule ilifutwa Aprili 2021, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kuwafutia wengine kwa pamoja.

Je, ilikuwaje watu wenye elimu, mawakili na mahakimu, wakaiamini mashine na kumkanusha mwanadamu aliyesimama mbele yao? Sehemu ya jibu imo katika sheria. Sheria ya mwaka 1984 ilimtaka mwenye kuleta ushahidi wa kompyuta athibitishe kwanza kwamba mashine ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Sharti hilo liliondolewa kwa sheria ya mwaka 1999, na tangu hapo kompyuta ikachukuliwa kuwa ni sahihi mpaka mshtakiwa aonyeshe vingine. Lakini mwenye duka angeonyeshaje, na kumbukumbu za ndani zilikuwa mikononi mwa wanaomshtaki? Shahidi mwanadamu huulizwa maswali. Shahidi huyu hakuulizwa neno.

Hapa yafaa tuwe waadilifu. Wale wenye maduka hawakukosa elimu. Wao walijua kwamba hesabu si sahihi, na walisema. Waliokosa ni wale waliosikiliza, nao hawakukosa ujuzi wa kubonyeza vitufe, maana bila shaka walikuwa nao. Walikosa ile tabia ya mtoto wa mkate wa jemu, ya kuuliza: Nani aliyeandika maagizo haya, na amekosea wapi?

Kwa sababu hiyo mimi siwahesabii sana watawala idadi ya vifaa wanavyogawa. Nchini Kenya, kuanzia mwaka 2016, serikali iligawa vishikwambi zaidi ya 1,000,000 katika shule za msingi, na mwaka 2022 ukapitishwa mtaala wa kutunga programu kwa shule za msingi na za sekondari. Ni jambo jema. Lakini kishikwambi kilichofungiwa kabatini hakifundishi kitu, na kilicho mkononi mwa mtoto anayegusa tu picha chaweza kumfundisha kutii. Kinyume chake, mwalimu wa kijijini asiye na umeme aweza kuchora miraba kwa chaki uani, akamsimamisha mtoto mmoja awe mashine, na wenziwe wakamwongoza kwa maagizo yaliyoandikwa mpaka afike mlangoni. Akijigonga ukutani, wamwulize nani?

Mnamo Januari 2025 serikali ya Uingereza ilianza kukusanya maoni ya watu kama ile kanuni ya kuisadiki kompyuta mahakamani ibadilishwe. Wakati huo, mtoto aliyeingia darasani Septemba 2014 akiwa na miaka mitano, akacheka chupa ya jemu ilipowekwa juu ya mkate, alikuwa amefika miaka 15 au 16. Huko raia 12 huitwa kukaa mahakamani na kuamua kama mshtakiwa ana hatia, kama walivyoitwa wale waliomtia hatiani yule mama mja mzito. Umri wa kuanza kuitwa ni miaka 18.