Walawi Waliokimbilia Mashamba
(Nehemia 13:10–13)



Twasoma ya kuwa Nehemia liwali alikwenda zake kwa mfalme, na aliporudi Yerusalemu aliiona nyumba ya Mungu imepoa. Waimbaji hawapo, Walawi hawapo. Je, walikuwa wameiacha imani? La. Sehemu zao hazikutolewa, nao wana watoto wa kulisha. Basi kila mtu alikimbilia shamba lake. Na tumwangalie aliyelaumiwa. Nehemia hakuwafuata Walawi mashambani kuwakemea kwa uvivu. Aliwakabili wakuu, akawauliza wao sababu ya nyumba kuachwa.

Neno hili tumelitafakari kwa ajili ya nyumba nyingine, ile ya Dodoma, inamotungwa sheria ya nchi. Sisi wa Iyunga hatuwezi kusema ni mambo ya mbali, maana Spika aliyekikalia kiti tangu 2022 hata 2025 alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini. Wabunge twawajua kwa majina na kwa nyuso. Lakini Bunge nalo lina Walawi wake: makarani waandikao kila neno linenwalo, matarishi, wapishi, wafagizi, walinzi wa mlangoni, na madereva wasafirio usiku kutoka majimboni. Mswada hausomwi pasipo mtu aliyeupiga chapa, wala mheshimiwa haketi katika kiti ambacho hakuna aliyekipangusa.

Katiba ya 1977, katika ibara ya 73, yasema wabunge hulipwa mshahara na posho kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Ibara ya 23 nayo yampa kila afanyaye kazi haki ya ujira ulinganao na kazi yake. Basi mbunge ashika kisu naye ni mmoja wa walaji. Hatusemi ni mwivi; twasema yu katika jaribu, na mfagizi hana kisu.

Tazameni mambo yaliyotukia. Mwaka 2014 wajumbe wa Bunge Maalumu la Katiba walipewa posho ya shilingi 300,000 kwa siku, na wengine wao walinung'unika kwamba haitoshi. Siku ya wafanyakazi, tarehe 1 Mei 2025, ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hata 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai. Hilo lilikuwa jema, nasi twalishukuru. Lakini hesabuni wenyewe: ujira huo wa mwezi mzima haukufikia posho ya siku mbili ya miaka kumi na mmoja iliyotangulia. Na popote kazi ya usafi au ya ulinzi ikabidhiwapo kampuni, mfanyakazi yu chini ya kima kingine, ambacho ni cha chini zaidi. Jirani zetu wa Kenya waliweka tume ya kukadiria mishahara. Ilipokadiria shilingi zao 532,500 kwa mwezi kwa mbunge, mwaka 2013, wabunge walipigana nayo, na raia wakapeleka nguruwe penye lango la Bunge. Kelele hizo zilisikika ulimwenguni kote. Ya mtu aliyesafisha lango lile baada ya nguruwe, hatukusikia habari.

Mwingine atasema: Mtumishi alikubali mwenyewe, asiporidhika na aondoke. Musa hakuyatazama hivyo. Katika Kumbukumbu la Torati 24 aagiza maskini wa mshahara alipwe kabla jua halijatua, kwa kuwa moyo wake umeutegemea ujira ule. Kukubali kwa mwenye njaa ni kukubali kwa namna gani? Naye Yeremia, sura ya 22, amwambia ole mfalme Yehoyakimu aliyejijengea jumba la mierezi kwa kazi isiyolipwa. Nabii hakumkataza kula; amkumbusha kwamba baba yake Yosia alikula na kunywa, huku akimtendea haki mnyonge.

Dakta Luther naye, katika Katekisimo Ndogo ya 1529, aelezapo ombi la mkate wa kila siku, awataja watumishi wema pamoja na watawala wema. Wote wawili wamo katika ombi moja. Tuwezeje kuwatenga mezani?

Sasa tuone Nehemia alivyolitengeneza jambo. Hakusema maneno tu. Aliwarudisha Walawi mahali pao, na Yuda yote wakaleta zaka. Kisha akaweka watunza hazina waliohesabiwa kuwa waaminifu: Shelemia kuhani, Sadoki mwandishi, na Pedaya. Huyo Pedaya alikuwa Mlawi. Mmoja wa wale walionyimwa aliketi penye kugawa, akaijua hazina na kiasi chake. Hili twalitaka kwa Dodoma: mpishi na mlinzi wawe na msemaji wao pale ujira wao ukadiriwapo.

Twalitaka kwetu pia. Wazee wa usharika waketipo mwisho wa mwaka kukadiria posho ya mwinjilisti na ya mama afagiaye kanisa, je, mwinjilisti huitwa ndani, au hungoja nje chini ya mti hata mlango ufunguliwe?