Taabu Mbili kwa Pamoja

Mara nyingi twasikia mtu akimwambia mwenzake: «Fulani aliuguliwa, akavumilia. Fulani mwingine alikosa fedha, naye hakufa. Wewe wanung'unika nini?» Je, neno hilo ni la haki? Ili tupate jibu, tutazame kwanza ngano, mmea ambao unga wake hufanya mkate tununuao mjini.

Ngano ina maadui wawili wakubwa: ukame na joto kali. Jani lake lina matundu madogo sana, kama vinywa, yasiyoonekana kwa macho matupu. Ukame ukija peke yake, ngano hufunga vinywa hivyo ili maji yasipotee. Joto likija peke yake, na udongo una maji, ngano huviacha wazi. Maji hutoka kama jasho letu, na jani hupoa. Kila taabu ina dawa yake.

Lakini zikija zote mbili, ngano ifanye nini? Ikifungua vinywa, itakauka. Ikivifunga, itaungua, tena itakosa hewa ya kutengenezea chakula chake. Kumbe dawa ya taabu ya kwanza ni sumu ya taabu ya pili! Mwaka 2004 wenye elimu ya mimea walionyesha jambo la namna hiyo katika mmea mdogo wa jamaa ya kabichi. Katika ukame peke yake mmea ule ulijiwekea prolini ili kujilinda; ukame ulipochanganyika na joto, uliweka sukari mahali pa prolini. Haukujumlisha majibu mawili. Ulitoa jibu la tatu.

Ngano nayo hupanga upya kazi zote za ndani. Huunda protini za kukinga protini nyingine zisiharibiwe na joto. Huyaacha majani ya chini yafe. Sukari iliyowekwa katika shina siku za neema huipeleka kwenye punje, ili mbegu ipone. Lakini akiba ya shina ina mwisho wake. Mwaka 2010 joto na ukame viliipata nchi ya Urusi pamoja. Mavuno ya ngano yalipungua karibu theluthi moja, na tangu tarehe 15 Agosti serikali ikakataza kuuza nafaka nje.

Sasa tumtazame mwanadamu. Biashara ya mama ikiharibika, aweza kubeba mihogo yake mpaka soko la mbali. Mtoto wake akiugua, aweza kukaa naye hospitalini na kulipia dawa kwa faida ya biashara. Lakini yote mawili yakimpata katika juma moja? Akienda soko la mbali, mtoto atabaki na nani? Akikaa, dawa italipwa na nini? Jirani aliyepatwa na moja tu asijifanye kipimo chake.

Labda mtu atasema: «Ngano haina akili wala hiari, yawezaje kutufundisha wema?» Ni kweli, hatusemi kwamba ngano ina fadhila ya uvumilivu. Tena hatusemi kwamba mwenye taabu mbili hawezi kukosa. Hata chini ya mzigo mtu hubaki na hiari yake. Twasema tu kwamba hatuwezi kuipima hiari hiyo kabla ya kujua ni milango ipi iliyokuwa wazi mbele yake.

Tena kuna tofauti kubwa. Ngano hula akiba ya shina lake tu; mtu ana jirani. Kule Gezira, nchini Sudan, wakulima wamelima ngano miaka mingi penye joto, kwa kuinywesha maji ya Nili ya Buluu. Hawawezi kuliondoa jua. Waliondoa ukame, na jani likapata tena njia yake ya kujipoza. Vivyo hivyo, si lazima tubebe taabu zote za mwenzetu. Tukae na mtoto siku mbili tu, na mama mwenyewe atajua njia ya soko.

Basi, tumwonapo mtu ameinama, tusimwulize: «Mbona mwenzako aliweza?» Tumwulize: «Katika mizigo yako, tukupokee upi?»