Chema Kisichojulikana

Mithali husema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mji wa Basel, katika Uswisi, waitia mithali hii mashakani. Huko, tangu 1970, hufanywa maonyesho makubwa ya sanaa yaitwayo Art Basel, ambako kazi za watu mashuhuri huuzwa kwa mali nyingi. Mwaka 1996 baadhi ya vijana wenye nyumba za sanaa walianzisha maonyesho madogo, Liste, katika jengo la Warteck lililokuwa zamani kiwanda cha bia. Katika vyumba vyake vidogo chema kililazimika kujitembeza, maana wenyewe walikuwa hawajasikika.

Mbele ya jina kubwa mtazamaji huazima macho ya watu. Mbele ya msanii asiyejulikana hana budi kutumia yake. Hapa ndipo tabia ipimwapo. Wako wanunuao rahisi leo wapate kuuza ghali kesho. Hao huitazama picha kama mkulima atazamavyo mawingu. Pengine mtu atasema kuwa fedha yao ndiyo impayo msanii chakula na rangi. Ni kweli, wala mkono utoao haustahili lawama. Lakini tumbo likishiba, kazi yaweza kubaki ghalani bila ya kuonwa na mtu.

Chema hakijiuzi mpaka kionwe. Basi deni letu la kwanza kwa msanii mchanga ni kuitazama kazi yake kabla ya kuuliza jina, na kabla ya kuuliza bei.