Mashine haina dhima, mwenye mashine anayo

Mwaka 1961 kampuni ya General Motors iliweka roboti katika kiwanda chake huko New Jersey, Marekani, ishike vyuma vya moto badala ya watu. Leo zipo mashine za kompyuta zinazochonga nakshi za mbao kwa saa chache, kazi inayomchukua fundi wa mkono siku nyingi. Kwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, unaosifika duniani kwa milango yake, suala hili si la mbali. Je, Muislamu alitazame vipi?

Kwanza, mashine si jambo geni kwetu. Al-Jazari aliandika kitabu cha mitambo mwaka 1206, na miongoni mwa mitambo hiyo umo wa kumimina maji ya kutawadha. Na kabla yake, Nabii Daud (a.s.) alilainishiwa chuma na Allah (s.w.t.) ili aunde deraya. Wepesi wa kazi ni neema.

Lakini zingatia, ndugu msomaji: aya inayotaja deraya hizo (Sabaa, 11) inamalizia kwa amri ya kutenda mema na ukumbusho kuwa Allah anaona. Mashine haikuamrishwa kitu na haitahesabiwa Siku ya Kiama. Atakayehesabiwa ni mwenye nayo.

Hapo zipo haki mbili. Ya kwanza ni ya mnunuzi. Mlango wa mashine ukiuzwa kuwa ni wa mkono, kwa bei ya mkono, hiyo ni ghushi, sawa na ya yule muuza nafaka ambaye Mtume (s.a.w.) alimkuta ameficha zilizorowa chini ya zilizo kavu. Wala usiseme mnunuzi ni mtalii tu. Mtalii naye ana haki ya kuambiwa kweli.

Ya pili ni ya fundi. Nakshi za mnyororo na samaki hazikuzaliwa ndani ya kompyuta. Zimerithishwa kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi. Ni kweli kuwa sharia haimlazimishi tajiri kuajiri mtu milele. Lakini kuchukua ujuzi wa fundi, kisha kumtoa mikono mitupu, kuna ihsani gani? Kwa nini asifundishwe yeye kwanza kuiendesha hiyo mashine?

Milango yetu mingi ya kale imechongwa aya za Qur'ani juu yake. Ni msiba ulioje kumdanganya mnunuzi au kumdhulumu fundi chini ya aya hizo!

Wallahu aalam.