Ajali Haina Kinga, Breki Je?

Neno "ajali" tumelipata kutoka Kiarabu, na huko lilikotoka halina pikipiki wala lori ndani yake. Ajali ni muda uliowekwa, siku ambayo mja ameandikiwa kuondoka, isiyosogea mbele wala kurudi nyuma. Wazee wa pwani waliposema "ajali haina kinga" walikuwa wanazungumzia kifo, na walisema kweli. Hakuna hirizi wala ngome inayoizuia siku ikifika. Halafu yakaja magari, zikaja na pikipiki, tukahitaji neno la kuitia chuma kilichogonga chuma, tukalichukua hilohilo. Methali nayo ikapanda nyuma kama abiria. Siku hizi mtu akisema ajali haina kinga, mara nyingi kinachozungumzwa ni breki.

Sina ugomvi na methali hii msibani. Pale ndipo kwake. Mama aliyefiwa hahitaji kuelezwa habari za waya wa breki. Anahitaji neno la kumshika mkono, na hilo linashika. Shida yangu inaanza pale methali inapotoka matangani na kuzunguka mtaani, ikaingia gereji, ikaingia duka la spea, ikaingia kituo cha polisi. Huko inafanya kazi ambayo haikutumwa. Hebu tujiulize: hivi ni nani anayenufaika tukikubaliana sote kwamba jambo halikuwa na kinga?

Chukua kijana mmoja wa Maramba. Ni wa kufikirika tu, lakini wewe uliyewahi kupita Mkinga unamjua. Anaendesha pikipiki ya mkataba: kila siku anapeleka hesabu kwa tajiri, na akimaliza mkataba chombo kinakuwa chake. Siku moja anateremka kutoka Kigongoi, huko juu Usambara Mashariki, amepakia mama mmoja na kiroba chake cha iliki. Barabara ni ya vumbi na kokoto, mteremko mkali. Anakanyaga breki ya nyuma, haishiki. Anabana ya mbele, waya unakatika pale kwenye kichwa chake. Wanaingia korongoni. Kijana anatoka na mkono uliovunjika. Yule mama hafiki hospitali ya Bombo akiwa hai.

Baada ya hapo yatatolewa maelezo mawili. Kwenye taarifa itaandikwa kwamba chanzo ni mwendokasi, au uzembe wa dereva. Msibani watasema ajali haina kinga. Ukiyasikiliza haraka utadhani maelezo haya yanapingana, maana moja linamlaumu kijana na lingine halimlaumu mtu. Lakini yasikilize tena. Yote mawili yanakubaliana kwamba pikipiki haina neno. Hakuna anayeuliza waya ule ulikatikaje. Kabla wiki haijaisha fundi ameshafunga waya mpya, ule wa zamani umetupwa nyuma ya gereji pamoja na vyuma vingine, na tajiri anasubiri hesabu yake. Ushahidi umekwenda na taka.

Sasa, niwe mkweli: waya mmoja uliokatika hauthibitishi chochote. Huenda uliliwa na kutu. Huenda ulikuwa feki, au haukutiwa mafuta tangu ununuliwe. Mtu mwenye busara hawezi kumlaumu mtengenezaji wa India au China kwa waya mmoja wa Maramba. Lakini tuseme waya wa aina hiyohiyo, wa pikipiki ya aina hiyohiyo, umekatikia palepale Daluni, na Horohoro, na Muheza, na Handeni, ndani ya mwaka mmoja. Hapo habari imebadilika. Si bahati mbaya ya watu watano tena, ni kasoro moja iliyotembelea nyumba tano.

Hili ndilo jambo ninalotaka tulitafakari. Kasoro ya chombo haionekani kwa jicho la mtu mmoja, hata awe fundi hodari namna gani. Inaonekana kwa kuhesabu. Kila mwenye pikipiki anaona waya wake tu, na kwa kuwa anaona mmoja, ana haki ya kudhani ni mkosi wake. Wale wengine wanne nao wanadhani hivyohivyo, kila mmoja peke yake. Tumezoea kusema kwamba watu wetu hawafuatilii mambo kwa sababu wanaamini sana kudra. Mimi nadhani ni kinyume chake. Tunaona kudra kila mahali kwa sababu hakuna anayehesabu.

Mahali wanapohesabu, mambo huenda vingine. Mwaka 2016 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilifungua uchunguzi kuhusu breki za baadhi ya pikipiki za Harley-Davidson za miaka ya 2008 hadi 2011. Pikipiki zilizohusika zilikuwa kama 430,000. Malalamiko yaliyofikishwa yalikuwa 43. Watu 43 tu, waliotawanyika katika nchi kubwa vile, kila mmoja akiwa amesema kwa maneno yake kwamba breki ilimwangusha bila kumwonya. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na ushahidi wa kutosha. Ushahidi ulitokea pale malalamiko yao yalipowekwa kwenye meza moja.

Kilichonivutia zaidi katika kisa hicho ni jibu lililokuwepo tayari. Mafuta ya breki yakikaa muda mrefu yaliacha uchafu ndani ya vali za mfumo wa kuzuia magurudumu kukwama, na kitabu cha pikipiki kilikuwa kimeagiza mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Kwa hiyo kosa ni la wenye pikipiki, au siyo? Jibu hilo sisi tunalijua vizuri, tunalisikia kila siku: "Bodaboda hawafanyi sevisi." Na ni kweli, wengi hawakubadilisha mafuta. Hata hivyo mwaka 2018 kampuni iliziita pikipiki kama 175,000 nchini humo zirudi zisafishwe mfumo huo bila malipo. Uzembe wa mwenye chombo haukufuta wajibu wa aliyekitengeneza. Chombo ambacho kinamwua mtu kwa sababu amechelewa kubadilisha mafuta, tena bila kumpa dalili yoyote, kina swali la kujibu.

Nchi hiyohiyo ina kisa kingine, cha magari, ambacho kinaonyesha lawama inaweza kufanya nini ikikaa mahali pasipo pake. Mwaka 2014 General Motors iliita mamilioni ya magari yenye swichi ya ufunguo iliyoweza kujizima gari likiwa mwendoni, na ikijizima, mifuko ya hewa ya kumlinda abiria nayo haifunguki. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Miaka mingi kabla ya hapo, katika jimbo la Texas, mwanamke mmoja alipoteza mwenzi wake gari lao lilipoacha njia. Alishtakiwa kwa uzembe uliosababisha kifo, akakiri kosa, akaishi na jina hilo. Mwaka 2014 mahakama ilimsafisha. Ndani ya kampuni walikuwepo waliojua habari za swichi ile miaka yote ambayo yeye alikuwa anajilaumu.

Sasa rudi kwa kijana wetu wa Kigongoi. Atakapopita mbele ya nyumba ya yule mama, atainamisha kichwa. Watoto wa marehemu watamwangalia. Huenda kweli alikimbia mno siku ile. Huenda hakukimbia. Yeye mwenyewe, miaka ikipita, hatakuwa na uhakika, maana akili ya mtu aliyeaminishwa kwamba ameua hujaza mapengo yenyewe. Tumemtwisha mzigo bila kupima kwanza ni wa nani. Kwangu mimi hili ni suala la haki kabla halijawa suala la ufundi.

Najua utakachoniambia. "Wewe unatetea bodaboda? Hawa wanaopakia mishikaki, wanaovua vioo, wanaoendesha usiku bila taa, wanaochomelea chesesi mara tatu kisha wanapakia magunia mawili ya mkaa?" Ni kweli, ndugu yangu, na sitaki kuipunguza. Dereva anayekimbia na roho ya mtu mgongoni ana dhambi yake. Lakini lawama si mkate, kwamba ukimkatia mmoja basi mwingine anakosa. Dereva anaweza kuwa na kosa kamili, na muuzaji akawa na kosa kamili, na tajiri anayedai hesabu ileile hata siku pikipiki inahitaji tairi naye akawa na lake. Aliyeleta pikipiki kuuza Maramba anajua itapanda milima ya vumbi. Anajua itabeba mkaa, mgonjwa, mbuzi na wanafunzi. Tangazo lake lenyewe linaisifu kwamba ni imara kwa kazi ngumu. Hawezi kuisifu kwa mzigo siku ya kuuza, halafu siku ya kuvunjika akasema haikutengenezwa kwa mzigo.

Wapo pia watakaosema kwamba kutafuta kosa kwenye chuma ni kutoridhika na kudra ya Mungu. Kwa hao nitakumbusha tu habari ya ngamia tuliyofundishwa chuoni tukiwa wadogo: mfunge kwanza, kisha utegemee. Kamba ikikatika na ngamia akapotea, kuridhika na kudra hakukatazi kuiangalia ile kamba. Na kama kamba za muuzaji yuleyule zimekatika kijiji kizima, kumnyamazia si ucha Mungu.

Basi, kwa nini hatusemi? Sheria si kwamba haipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, FCC, inagusa pia usalama wa bidhaa na kurejeshwa kwa zile zenye kasoro. TBS ipo kwa ajili ya viwango. TRA inasajili kila pikipiki na kuipa namba inayoanza na MC. Lakini fikiria FCC ikiagiza leo pikipiki fulani zirudishwe. Kadi ina jina la tajiri wa kwanza, aliyemwuzia wa pili kwa maandishi ya karatasi ya daftari, aliyempa kijana kwa mkataba. Wito ukitoka utamfikia mtu ambaye hajaigusa pikipiki hiyo miaka minne, na anayeipanda kila siku hatausikia. Na kwa upande wa pili, kijana akitaka kulalamika, aache kazi siku nzima, apoteze hesabu, aende mjini kueleza habari ya waya wa bei ya sahani ya chipsi. Ataambiwa ashukuru amepona. Na atashukuru, kisha atanyamaza.

Pwani tuna namna ya kufikiri wajibu ambayo naona inafaa hapa. Kuna wajibu unaoitwa fardhi kifaya. Maiti akiwepo, kumwosha, kumsalia na kumzika ni lazima ya mji mzima. Wakijitokeza wachache wakaifanya, wote wamesalimika. Asipojitokeza mtu, dhambi ni ya wote. Sisi katika hili ni hodari. Bodaboda mmoja akifa, wenzake wa kijiweni watafunga kazi, watachanga, watamsindikiza kwa msururu wa pikipiki hadi kaburini. Hakuna atakayezikwa kama mtu asiye na watu. Ninachosema ni kwamba kuusemea ule waya nao ni wajibu wa aina hiyo. Unamhusu mtu ambaye bado hajafa, ambaye huenda hata humjui, atakayeteremka mlima wiki ijayo na pikipiki ya aina ileile.

Na uzuri wa wajibu wa namna hii ni kwamba si lazima aubebe yule mwenye mkono uliovunjika. Mtu wa kwanza ninayemfikiria ni fundi. Dereva anaona pikipiki yake tu, fundi anaona za kijiji kizima. Yeye ndiye anayejua, bila kuandika popote, kwamba aina fulani inakata waya na aina fulani inapasua chesesi palepale kwenye maungio. Kichwani mwake kuna hesabu ambayo hakuna ofisi inayo. Kaunta buku moja pale gereji ingetosha kuanzia: tarehe, aina ya pikipiki, namba ya chesesi, kilichoharibika na mahali kilipoharibikia, hata kama ni mistari miwili. Chuma kilichokatika kisitupwe, kitiwe kwenye debe. Mwisho wa mwezi kiongozi wa kijiwe alipige picha daftari lile, na lile la Daluni, na lile la Mabokweni, azipeleke kwa pamoja kule zinakotakiwa. Mtu mmoja akienda na waya mmoja ataonekana mkorofi. Kurasa ishirini za gereji tano ni vigumu kuziambia zishukuru zimepona.

Kiswahili kina kinga nyingine, tofauti na ile ya kuzuia. Ni kile kijiti chenye moto, na wazee walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kijiti kimoja hufuka moshi kidogo, kisha huzimika, na aliyekishika huishia kukohoa peke yake. Kuanzia leo ukienda gereji, usitoke kabla hujamwuliza fundi: hiki kilichokatika, umeshakifunga kwa wangapi?