Kutazama Maji

Ndugu zetu wengi wa Nairobi, wakichoshwa na makelele ya mji, hupanda gari siku ya Jumapili wakaja huku Thika kutafuta utulivu kwenye maporomoko ya Chania na ya Thika. Hatuwalaumu. Barabara pana iliyokamilishwa mwaka 2012 imeifanya safari nyepesi, na sauti ya maji haina kiingilio (chai ya kando yake ndiyo ina bei).

Lakini twauliza: mtu akikaa nusu saa mbele ya maji akaondoka na roho baridi, je, ameyatazama, au ameyatumia tu kama dawa ya kichwa? Sisi twaona kutazama ni kukifuata kitu kitokako na kiendako. Mto Thika umezuiliwa kule juu, Ndakaini, kwa bwawa lililomalizika mwaka 1994, na humo hutoka sehemu kubwa ya maji ya Nairobi. Basi mgeni huyu amekuja kukitazama kikombe chake mwenyewe, wala hakijui.

Na maji hayo yakishatumika mjini hurudi upande wetu kwa njia nyingine. Mto Nairobi huyamimina katika Athi, na Athi huyashusha Maporomoko Kumi na Manne, karibu na mlima Ol Donyo Sabuk. Povu lake jeupe, mtu aliye mbali hulidhania uzuri. Akikaribia, pua humwambia kweli. Chini ya hapo wako wakulima wanaomwagilia mboga zao kwa maji hayohayo. Mtafuta utulivu hapendi kupelekwa huko. Sisi twamsihi aanzie huko.